Msumeno mbovu stoo: shule ya mikono kwa familia

Na Mwandishi Wetu

Nyumba nyingi mkoani Singida zina kona ya vitu vilivyonyamaza. Humo hukaa cherehani iliyokwama, redio isiyokamata, bomba la kunyunyizia dawa shambani, pampu ya maji iliyoacha kuvuta. Na katika baadhi ya nyumba, hasa zile ambazo mzee wake alipata kuishi kwa kupasua mbao, hukutwa pia msumeno wa mnyororo, ule ambao wengi huuita chenso. Umelala chini ya gunia, na vumbi limeufunika hata rangi yake haitambulikani. Anayeukumbuka ni mnunuzi wa vyuma chakavu peke yake, naye huja na mizani.

Kabla ya kumkabidhi, familia ingefaa ijiulize inauza nini. Kwenye mizani ule ni mzigo wa kilo chache. Kwa mtu anayetaka kujifunza, ile ni injini kamili inayoenea juu ya meza, inayofunguka kwa spana, bisibisi na subira, na ambayo kila kiungo chake kinaonekana kwa macho. Kijana aliyeifungua na kuifunga ikawaka ameelewa jambo ambalo wengi wanaopanda pikipiki kila siku hawalijui: namna moto, mafuta na hewa vinavyogeuka kuwa nguvu.

Makala haya yanaitazama kazi hiyo kama burudani ya familia, ya jioni za likizo na za mwisho wa juma. Ni burudani yenye elimu, lakini ina sharti lake. Siku injini itakapowaka, mtengenezaji atakuwa ameshika kitu kinachoweza kuangusha kwa dakika chache mti uliochukua miongo kukua, na kukata mguu wa mtu kabla hajapiga kelele. Kwa hiyo anayejifunza kuutengeneza msumeno hana budi kujifunza pia ni lini asiuwashe.

Kifaa kilichoanzia kwa matabibu

Wachache wanajua kwamba msumeno wa mnyororo haukuanza msituni. Mwaka 1830 Mjerumani Bernhard Heine alitengeneza chombo cha kukatia mifupa wakati wa upasuaji: mnyororo mdogo wenye meno, ukizunguka kwenye bapa la chuma kwa kuzungushwa na mkono. Wazo la meno yanayokwenda mfululizo bila kurudi nyuma lilikuwa limekwisha kuzaliwa, ingawa ilichukua karibu karne moja kabla halijakutana na injini.

Mwaka 1926, huko Ujerumani, Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa umeme. Mwaka uliofuata Emil Lerp aliujaribu wake wa petroli juu ya mlima Dolmar, na kampuni yake ikachukua jina la mlima huo. Stihl naye alitoa wa petroli mwaka 1929. Mashine hizo za mwanzo zilikuwa nzito kiasi cha kuhitaji watu wawili, mmoja kila upande wa gogo.

Mageuzi mengine yalitoka kwa mdudu. Mwaka 1946 mkata miti wa Marekani, Joseph Cox, alimtazama buu wa mbawakawa akiutafuna mti mgumu, akaona kuwa taya zake hukata kwa kupishana, kushoto na kulia, badala ya kukwangua. Akaiga umbo hilo katika jino la mnyororo. Minyororo ya leo, pamoja na ile iliyoota kutu katika stoo zetu, bado hufuata mpango huo. Mtoto atakayepewa kipande cha mnyororo wa zamani akaambiwa ahesabu meno ya kushoto na ya kulia atauona yeye mwenyewe.

Kwa nini msumeno hunyamaza

Injini ya msumeno huu ni ya mapigo mawili. Haina vali kama za gari, wala haina sehemu ya chini ya kuwekea oili. Oili yake huchanganywa ndani ya petroli, na mchanganyiko huo ndio unaolainisha pistoni, ringi na bearingi wakati huohuo unapoungua. Hapa pana siri ya vifo vingi vya misumeno: mtu aliyetia petroli tupu ameinyima injini kilainishi chake chote. Pistoni hupata joto, hutanuka, hukwaruzana na silinda, kisha hukamata.

Kwa misumeno mingi ya zamani, kiwango salama kwa oili ya kawaida ya injini za mapigo mawili ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 25 za petroli. Maana yake ni mililita 40 za oili katika lita 1, au mililita 200 katika lita 5. Zipo oili za hali ya juu zinazoruhusu 1 kwa 50, lakini hilo lifuatwe pale tu maandishi ya mtengenezaji wa mashine au wa oili yanaposema hivyo. Kipimo kipimwe kwa chombo chenye alama. Kukisia kwa kizibo cha chupa ndiko kulikoiharibu mashine ya jirani.

Hata hivyo, misumeno mingi iliyolala haikukamata. Ilikufa kwa kuachwa. Petroli iliyobaki ndani ya tangi kwa miezi huchacha, ikaacha utomvu unaoziba vitundu vyembamba vya kabureta. Mpira wa kupitisha mafuta hukauka na kupasuka. Utando mwembamba ulio ndani ya kabureta, ule unaofanya msumeno uweze kuwaka hata ukiinamishwa, hukakamaa. Na katika mkoa mkavu kama Singida, wenye msimu mmoja wa mvua na upepo unaovuma miezi mingi, filta ya hewa hujaa vumbi laini mpaka injini haipati pumzi.

Haya yote ni maradhi madogo. Dawa yake ni kusafisha, na kununua vipuri vichache vya mpira.

Maswali manne kabla ya spana

Fundi mzoefu hakimbilii kufungua. Huanza kwa kuuliza, na maswali yake ni manne: je, injini ina mgandamizo? Ina cheche? Inapata mafuta? Inapata hewa? Injini yenye vyote vinne kwa kiasi chake na kwa wakati wake itawaka. Isiyowaka imekosa kimoja, na kazi yote ni kukitafuta.

Mgandamizo hupimwa bila kifaa chochote. Zima swichi, shika kishikio cha kamba ya kuwashia, kisha uache msumeno uning'inie kwa kamba hiyo karibu na ardhi. Ukishuka polepole kwa kusitasita, pistoni na ringi bado zinabana. Ukiporomoka moja kwa moja kama ndoo kisimani, ndani kuna ugonjwa. Hapo ondoa eksozi na uchungulie tundu lake kwa tochi. Pistoni yenye ubavu laini inaleta matumaini. Yenye mikwaruzo ya wima imeshakamata angalau mara moja.

Cheche hutazamwa kwa kufungua plagi, kuirudishia waya wake, kuigusisha kwenye chuma cha silinda mbali na tundu ilikotoka, kisha kuvuta kamba. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Jambo hili lifanyike mbali na petroli iliyo wazi, kwani mvuke wake hauhitaji cheche ya pili. Katika misumeno ya zamani sana, cheche hutegemea vidole viwili vidogo vya chuma vilivyofichwa nyuma ya gurudumu la sumaku, navyo hushika ukungu vikilala muda mrefu. Mara nyingi kuvisugua kwa karatasi safi ngumu kunatosha kuirudisha.

Mafuta hujulikana kwa kuitazama plagi baada ya kuvuta kamba mara kadhaa. Ikitoka kavu kabisa, mafuta hayafiki. Ndipo zamu ya mpira, filta ndogo ya tangini na kabureta. Hewa ndiyo nyepesi kuliko zote: filta hupigwapigwa, huoshwa, hukaushwa.

Mwanafunzi mmoja akiyauliza maswali haya manne kwa utaratibu, atajifunza zaidi ya ufundi. Atazoea kutofautisha anachokidhani na alichokithibitisha.

Mambo yanayowashinda wanaoanza

Zipo hila chache ambazo humgharimu mwanafunzi asiyeambiwa. Ya kwanza ni klachi. Katika misumeno mingi, nati ya klachi ina nyuzi za kinyume. Hufunguka kwa kuizungusha upande wa mwendo wa saa. Anayeitumia nguvu kwa mazoea ya baiskeli huikaza mpaka ikavunjika. Na ili injini isizunguke wakati wa kuifungua, mafundi hupitisha kipande cha kamba safi kwenye tundu la plagi, kikaizuia pistoni kwa ulaini. Bisibisi isitumike kwa kazi hiyo, kwa maana hutoboa pistoni.

Ya pili ni skrubu mbili za kabureta. Kabla ya kuzigusa, hesabu zimefunguliwa mizunguko mingapi na uandike. Zikipotea mahali pake, zifunge taratibu mpaka ziguse, kisha fungua kila moja mzunguko mmoja. Hapo injini nyingi hukubali kuwaka, na marekebisho yakafuata. Kukaza kwa nguvu huharibu ncha zake.

Ya tatu ni kumbukumbu. Kila nati iwekwe kwenye kikopo chake, na kila hatua ipigwe picha kwa simu. Watoto wa rika la shule ya msingi hufaa sana katika ukarani huu, nao huufurahia.

Ya nne ni mnyororo wenyewe. Msumeno unaokata vizuri hutoa vipande vya mti. Unaotoa unga umekuwa butu. Jino hunolewa kwa tupa ya mviringo yenye unene unaolingana na mnyororo, kwa kawaida kati ya milimita 4 na 5.5, ikisukumwa kwa upande mmoja tu, kutoka ndani kwenda nje, idadi sawa ya mara kwa kila jino. Anayenoa upande wa kushoto zaidi ya kulia ataona msumeno ukipinda ndani ya gogo.

Swali la mafuta ya kulainishia mnyororo lina maana ya pekee Singida, mkoa wa alizeti. Mafuta ya mimea hulainisha, na huko Ulaya hutumika kwa sababu hayachafui udongo. Lakini mafuta ya alizeti yakiachwa muda mrefu huganda na kunata kama gundi. Anayeyatumia ayamwage na kuusafisha mnyororo baada ya kazi. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari isitumike: imebeba chembe za chuma zinazokula bapa, na hurushwa hewani ikamrudia mtumiaji.

Nani amfundishe nani

Baba asiyejua asione haya. Fundi wa pikipiki wa mtaani anaijua injini ya petroli kwa mapana, na akiombwa kwa adabu, kwa malipo ya haki, atakuja jioni moja kueleza. Mjini Singida kuna chuo cha VETA na ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Kijana ambaye burudani hii imemwamshia hamu anaweza kuanzia huko kuulizia mafunzo. Ujuzi wenyewe hauishii kwenye msumeno. Mabomba mengi ya kupuliza dawa yenye injini, mashine za kukatia majani na baadhi ya pampu ndogo zina injini ya namna hiyohiyo. Katika wilaya za wakulima, anayeweza kuifufua bomba la dawa wiki wadudu wanaposhambulia ameokoa msimu wa mtu.

Mabinti wasiachwe nje ya mkeka. Kusafisha kabureta kunataka vidole vyepesi, macho makali na mtu asiyeharakisha, na sifa hizo hazina jinsia.

Kazi ya mikono ina heshima yake katika dini yetu. Nabii Zakaria (A.S.) amepokewa katika hadithi sahihi kuwa alikuwa seremala, na Nabii Daudi (A.S.) alikula kutokana na kazi ya mikono yake. Lakini burudani ya halali nayo ina mipaka: isiwe kisingizio cha kuikosa sala. Hapa pana jambo dogo ambalo wengi hulisahau. Grisi nzito iliyoganda kwenye ngozi na chini ya kucha huzuia maji kufika, na udhu hautimii mpaka iondolewe. Rangi au weusi uliobaki bila kitu chenye unene hauna neno. Mafuta ya kupikia kidogo yakisuguliwa kwanza, kisha sabuni, hutoa grisi vizuri. Basi kazi ikomeshwe kabla ya adhana, isikomeshwe na adhana.

Hatari isiyotaniwa

Misumeno mingi ya kabla ya miaka ya 1970 haina breki ya mnyororo. Breki hiyo, ile ngao ya mbele ya mkono inayousimamisha mnyororo kwa sehemu ndogo ya sekunde, ilienea kuanzia muongo huo kwa sababu watu walikuwa wakiumia. Ncha ya juu ya bapa ikigusa mti, msumeno huruka nyuma na juu, kuelekea uso wa aliyeushika, kwa kasi asiyoweza kuishinda.

Kwa hiyo familia iwe na kanuni zisizojadiliwa. Watoto washiriki kazi baridi tu: kufungua, kusafisha, kuhesabu, kupiga picha. Mnyororo na bapa viondolewe mwanzoni kabisa, na injini ijaribiwe bila hivyo. Injini isiwashwe chumbani wala stoo, kwani moshi wake una sumu isiyo na harufu. Petroli ikae kwenye chombo chake chenye kifuniko, mbali na jiko na mbali na chupa za maji ya kunywa. Masikio yazibwe, maana mlio wake hupita desibeli 100. Na mtu ambaye hajafundishwa kukata asikate, hata kama msumeno ameufufua yeye. Kuijua injini hakumfanyi mtu kuwa mkata miti.

Uaminifu nao ni sehemu ya usalama. Msumeno wa jirani ulioletwa kutengenezwa ni amana. Usijaribiwe kwenye miti ya mtu wala usiazimishwe. Anayenunua mbovu aujue ulikotoka. Na atakayeuza alioufufua amweleze mnunuzi kasoro zake zote: hauna breki, ringi zimechoka, bapa limepinda. Kuficha kasoro ya bidhaa kumekatazwa katika kila biashara. Katika biashara ya kitu hiki, kunaweza kumgharimu mtu mkono.

Mti wa nani?

Linabaki swali kubwa. Singida ni nchi kavu, na miti yake hukua polepole. Vichaka vya Itigi, ile mimea iliyosongamana hata mtu hupita kwa taabu, ni vya namna ya pekee. Ulimwenguni hupatikana katika eneo hilo na katika sehemu ya kaskazini mwa Zambia. Nyuki wanaoipa Manyoni na Itigi sifa ya asali huishi kwa maua ya misitu na vichaka hivyo.

Mkoa huu pia una somo lililosikika mbali. Katika miaka ya 1990, vijiji vitano vinavyouzunguka msitu wa Mgori, wenye zaidi ya hekta 40,000, vilichukua wenyewe jukumu la kuulinda. Kila kijiji kiliweka mipaka ya sehemu yake, sheria zake ndogo na walinzi wake. Mfano wa Mgori, pamoja na ule wa Duru-Haitemba huko Babati, ulitangulia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo iliipa misitu ya vijiji nafasi yake kisheria. Wanavijiji hao walikuwa wameelewa kwamba msitu ukiachwa kwa kila mwenye shoka, haubaki wa mtu yeyote.

Shoka humchosha mtu, na uchovu huo ulikuwa kinga ya mti. Msumeno wa mnyororo umeiondoa kinga hiyo. Ndiyo maana anayeufufua anawajibika kuliko aliyeuacha gunia liufunike. Kukata mti katika msitu wa hifadhi au wa kijiji bila kibali ni kosa, na mwenye shaka aulize kwanza serikali ya kijiji au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu iliyo karibu. Zipo kazi za halali zinazoutosha msumeno mmoja wa familia: mti ulioangushwa na upepo ukaziba njia, tawi kavu lililoegemea paa la madrasa, gogo la shambani kwako lililokwisha kufa.

Na iwapo hakuna hata moja ya kazi hizo, hasara iko wapi? Msumeno usafishwe, tangi limwagwe mpaka likauke, mnyororo upakwe mafuta, ufungwe vizuri na kuwekwa juu, mbali na watoto. Walioutengeneza wamekwisha kupata walichokitafuta. Kesho yake lile bomba la dawa lililo kona ileile litolewe, nalo liulizwe maswali manne.